Tupeane uzoefu: paka wako aliambukizwa virusi akiwa katika mazingira gani?

Shume wa Alfajiri (mtoa mada):
Wakuu, habari zenu. Dalili zimeshaandikwa sana. Mimi nataka tusimuliane ya kabla: paka alikuwa anaishije mpaka virusi vikampata?

Naanza. Wangu alikuwa dume, sikumhasi. Usiku haonekani, alfajiri anarudi sikio limechanika au ana jipu shingoni. Nikawa najisifia kwamba nafuga mbabe! Miaka ikapita, fizi zikavimba, akakonda. Daktari wa mifugo aliuliza swali moja tu: "Huyu hupigana?" Damu ikaonyesha virusi vya upungufu wa kinga vya paka. Vinakaa kwenye mate, na njia yake kuu ni jino kuzama kwenye nyama. Ndiyo maana madume wasiohasiwa, wazururaji, ndio wahanga wakubwa. (Binadamu haambukizwi virusi hivi, kwa hiyo msije mkawatupa paka wenu.) Nimemzika mwezi uliopita.

Mama Nyau:
Pole sana kaka. Kwangu ngumi hazikuwepo, upendo ndio ulioniponza. Paka wanne, bakuli moja, kutwa wanalambana. Nikaokota katoto, nikakachanganya nao siku hiyohiyo. Kumbe kana virusi vya lukimia (saratani ya damu) ya paka. Hivyo hupita kwa mate, hata kwa maziwa ya mama. Wadogo wawili walishikwa, nikawapoteza wote. Paka wangu bibi kizee alipimwa mara mbili, hana kitu. Daktari akasema umri unachangia, wachanga hushikwa kirahisi zaidi. Siku hizi mgeni anakaa chumba chake, anapimwa, na baada ya wiki kadhaa anapimwa tena. Kipimo cha kwanza kinaweza kukudanganya kama ameambukizwa juzijuzi.

Mkimya:
Wangu hakuwahi kukanyaga nje, nikasema chanjo ya nini. Parvo ya paka (ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo) ikaingia na viatu vyangu, maana nilikuwa nalisha paka wa mitaani. Virusi vyake vinaweza kudumu mwaka mzima sakafuni, na sabuni ya kawaida haiviui. Nilipiga deki kwa klorini.

Dada wa Tatu:
Mafua ya macho kwa wangu hurudi kila tukihama nyumba. Hepesi ya paka hiyo, ikishaingia haitoki, inasubiri mnyama apate msongo.

Mama Nyau:
Mtoa mada, huyo dume alikuwa peke yake?

Shume wa Alfajiri:
Hapana, kuna jike. Walikuwa wanakula pamoja, lakini hawakuwahi kugombana.

Mama Nyau:
Kwa bakuli tu, hatari ya virusi vile vya dume lako ni ndogo. Ila umempima?

Shume wa Alfajiri:
Bado. Na chanjo zake zimepitiliza.

Mkimya:
Mkuu!

Shume wa Alfajiri:
Kesho asubuhi nampeleka.