Msosi wa sikukuu kwa vitu vya msimu tu, inawezekana?

Wadau, mwaka huu nataka nipike vitu vilivyolimwa karibu na vya msimu, ila naanzia wapi maana mimi huwa napanga menyu kwanza ndo naenda sokoni nahangaika

mpishi_mvivu: Hapo ndo unakosea ndugu, geuza. Nenda sokoni kwanza uone kipi kimejaa, kikijaa ujue ndo msimu wake na bei inashuka, menyu ipange ukirudi. Na muulize muuzaji kimevunwa lini, nyanya za kutoka mbali huwa zinachumwa zikiwa kijani zinaivia njiani, ladha hamna kabisa

shamba_dogo: Naongezea, viazi, vitunguu na maboga nunua mapema, weka pakavu penye hewa vinakaa wiki kadhaa, ila viazi viwe gizani na visikae na vitunguu maana vinaweza kuota. Majani nunua siku moja kabla.

tumbo_moja: Ila jamani karibu sio kila kitu eti, nyanya ya karibu iliyolimwa kwenye nyumba ya kioo inayopashwa moto inaweza kula nishati kuliko ya mbali iliyokua juani

Aliyeuliza: Duh hiyo sikuijua, asanteni, kesho naenda bila listi