Dogo ana kigugumizi na msimu wa korosho anatakiwa aite majina ya wakulima, nimsaidieje?

Dada wa Chuno:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, kigugumizi anacho toka anaanza kuongea, tunaishi hapa Mtwara mjini. Kapata kibarua cha ukarani kwenye ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kijijini kwetu, mzigo ukianza kupokelewa Oktoba asimame pale mizani aite jina la mkulima na kilo zake watu wote wasikie. Juzi kaniambia kazi haitaki tena. Yani hata jina lake mwenyewe linaanza na K linamkwamisha, kwa wageni anajiita Ally wakati sio Ally. Dukani, kwa boda, hospitali, mimi ndo namsemea toka mdogo, na nikimwambia "vuta pumzi, taratibu" ndo kwanza anakwama zaidi. Nianzie wapi?

Kangomba Mstaafu:
Alishtuliwa utotoni huyo, mtafutie mzee amtengeneze.

Mama Pacha:
Kangomba acha hizo. Kigugumizi hakiletwi na kushtuliwa, mara nyingi kinatembea kwenye ukoo na wanaume ndo wengi, kwetu anacho baba na kaka. Biden aliyekuwa rais wa Marekani kakua nacho na hotuba katoa.

Konda wa Masasi:
Dada usinichukie ila unaemfunga mdomo ni wewe. Mimi konda, napiga debe Mkanaledi kila asubuhi na kigugumizi ninacho mpaka leo. Kila unapomsemea anapumua, ila kesho yake uoga umeongezeka maana hajawahi kuona kumbe angekwama na angemaliza. Mizani iache kwanza, kaeni aandike sehemu zinazomtisha kuanzia ndogo mpaka hiyo ya ghala, mpango awe nao yeye sio wewe. Mfano aende Feri aulize bei ya samaki kwa mama yule yule siku tatu nne mpaka aone kawaida, ndo ahamie kwa muuzaji mwingine, halafu boda, halafu aite majina mbele yenu nyumbani, halafu aende ghalani kabla ya msimu aite kwa vibarua wawili watatu. Na kuna hii watu wanaishangaa, mimi nilikuwa naingia dukani nakwama MAKUSUDI, "n-n-naomba sukari", muuzaji ananipimia ananipa chenji basi, ndo nikaacha kujificha. Asilenge kuongea kama mtangazaji, alenge kusema alichotaka kusema hata kama amekwama.

Mama Pacha:
Na usimmalizie neno, mwangalie tu usoni umsubiri kama mtu mwingine yeyote.

Dada wa Chuno:
Mrejesho. Leo Feri nimebaki kwenye boda. Kakwama pale kwenye "kiasi gani" mpaka mimi huku jasho linanitoka, yule mama anaendelea kupara samaki wake wala hana habari, kamjibu bei. Kapigwa buku mbili nzima kwenye changu watatu! Nilitaka nirudi nikabishane, kanizuia, eti kesho anaenda mwenyewe. Sasa Konda, simu tuiweke hatua ya ngapi? Maana anaiogopa kuliko watu.

Konda wa Masasi:
Simu muiweke karibu na mwisho. Hata mimi bosi akipiga bado namtumia meseji 😂