Filamu ya Liyongo isiyo na mkate, isiyo na gungu, isiyo na kisima: waliisoma hadithi kweli?

Wanajamvi, jana nilitoka kazini mapema, nikapambana na msongamano wa Barabara ya Ngong, nikalipa shilingi 900 kwa tiketi yangu na 900 nyingine kwa mpwa wangu aliye kidato cha tatu, ili tukaitazame filamu mpya ya Fumo Liyongo, shujaa wa mighani ya Waswahili wa mwambao wa Kenya, ambayo mabango yake yamejaa hapa Nairobi. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, wala waigizaji sina neno nao, maana waliigiza walichoandikiwa. Nimelala na hasira na nimeamka nayo.

Hadithi hii haikuhitaji kubuniwa upya. Edward Steere alichapisha masimulizi yake mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaiandika kwa utenzi mwaka 1913, beti kwa beti, hata anayetaka kuipiga picha ana kila tukio mbele yake kwa mpangilio. Humo tunaambiwa kwamba Liyongo alikuwa jitu la nguvu, ndiyo, lakini pia alikuwa malenga, na kila alipobanwa alijiokoa kwa akili na kwa ulimi kabla ya kutumia mkono. Filamu imemnyang'anya akili, ikamnyang'anya ulimi, ikamwachia kifua kilichopakwa mafuta.

Chukueni gereza. Katika utenzi, Sultani wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, anamfunga Liyongo kwa minyororo na kumtaka aseme anachotamani kabla ya kuuawa, naye anaomba achezewe gungu, ngoma ya sherehe ya Waswahili wa zamani. Walinzi wana mazoea ya kumpokonya kijakazi Saada chakula kizuri kinachotoka kwa mama yake Liyongo, kwa hiyo mfungwa anamtuma Saada kwa wimbo, na wimbo huo ndani yake una agizo: mama aoke mkate wa wishwa, na katikati ya mkate atie tupa. Walinzi wanauona ule mkate wa makapi, wanaudharau, wanaupitisha. Usiku wa gungu unapofika, watu wanaimba nyimbo ambazo Liyongo mwenyewe aliwafundisha, ngoma zinarindima, na ndani ya kelele hiyo tupa inakereza chuma bila mtu kuisikia. Niambieni ni mwelekezi gani wa filamu duniani ambaye angepewa tukio la namna hiyo, lenye mkate, wimbo, mlinzi mlafi na sauti ya chuma iliyofichwa ndani ya ngoma, kisha alitupe. Wetu amelitupa. Liyongo wa filamu anapiga ukemi, minyororo inakatika kama uzi, ukuta wa gereza unalipuka (kwa baruti gani, sijui) na anatoka huku moto unawaka nyuma ya mgongo wake. Saada hayumo kabisa. Gungu imegeuzwa kuwa dansi ya dakika mbili yenye mdundo wa kilabu, na wachezaji wanatikisa viuno mbele ya Sultani kana kwamba wako kwenye tangazo la simu.

Mama yake yumo, lakini hana kazi ila kulia. Katika tukio moja kamera inamkaribia hadi unaweza kuihesabu mistari ya leso yake, na hapo nikaona maandishi ya jina la leso, kwa herufi za Kirumi, yamepigwa chapa kwenye pindo. Wataalamu wanabishana Liyongo aliishi karne gani, lakini hakuna anayemleta karibu na karne ya 19, wakati leso zilipoanza kuvaliwa mwambao, na maandishi ya namna hiyo yalikuja baadaye zaidi. Inaonekana mtu alitumwa dukani asubuhi ya kupiga picha.

Kuhusu lugha nitasema machache kwa sababu nikianza sitamaliza. Wahusika wanazungumza Kiingereza kwa saa moja na nusu, na Kiswahili kinatumika pale tu mtu anapokasirika au anapokufa. Shujaa ambaye mashairi anayonasibishwa nayo yamehifadhiwa hadi leo, filamu haimpi hata ubeti mmoja. Sikutarajia Kiamu, lahaja ya Lamu, kitupu, ingawa ningefurahi kumsikia mama akimwambia mwanawe “ndoo” badala ya “njoo”.

Tukio la mkoma, mti wa jamii ya mnazi uzaao makoma, pia limepotea. Wale waliotumwa kumuua walipanga kula makoma kwa zamu, kila mtu akwee mti awaangushie wenzake, ili zamu ya Liyongo itakapofika wamtungue kwa mishale akiwa juu. Yeye akabaki chini, akavuta upinde, akayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Ni kichekesho na ni tishio kwa pamoja. Badala yake tumepewa vita vya watu arobaini kwenye mchanga.

Lakini kilichonikata maini ni kifo. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba shujaa wa mighani, yaani hadithi za mashujaa wa kale, hushindwa kwa siri yake, na siri hiyo hutolewa na mtu wa ndani: Luanda Magere, shujaa wa Waluo, aliuawa kupitia kivuli chake baada ya mke kuifichua siri, na Liyongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa Sultani. Kijana anamuuliza baba kitu gani kinaweza kumuua. Baba anahisi uovu ulio nyuma ya swali, na bado anamjibu: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anarudi na sindano, anashindwa, anaogopa, hadi siku moja mchana anamkuta baba amelala chali. Hapo ndipo palipokuwa na filamu yote, katika mkono wa mtoto unaotetemeka juu ya tumbo la baba yake. Hawa wameamua kwamba mwana amshambulie baba kwa mkuki wenye sumu akiwa umbali wa mita hamsini, wasionane hata macho.

Kisha hakuna kisima! Liyongo wa utenzi anaamka na sindano mwilini, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima, anapachika mshale, na anakufa hivyo hivyo. Kwa siku kadhaa watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa sababu wanadhani yu hai na amekasirika, hadi mama yake anaitwa aje ambembeleze kwa maneno. Mji mzima una kiu mbele ya maiti. Filamu inamlaza juu ya mashua, wanaitia moto na kuisukuma baharini, desturi ambayo sijapata kuisikia Pate, Siyu wala Faza, na ambayo nina hakika mwandishi wa filamu aliiona kwenye filamu za watu wa kaskazini mwa Ulaya.

Wapo watakaosema bajeti ilikuwa ndogo. Mkate wa wishwa unagharimu shilingi ngapi? Sindano je? Milipuko ndiyo iliyokula fedha. Nakiri kwamba picha za mikoko alfajiri zinapendeza, na aliyezipiga anastahili kazi nyingine yenye heshima zaidi.

Tulipokuwa tunatembea kwenda kituoni mpwa wangu aliniuliza: “Mjomba, mwalimu alituambia alikufa amepiga goti. Sasa kwenye mtihani niandike lipi?” Nilimwambia aandike goti, na kisima, na sindano ya shaba. Tukapanda matatu, tukanyamaza hadi tukashuka mjini.