Unasoma kitabu gani kwa sasa? Pia naomba ushauri, kuna vitabu vitatu vimenikwama

Alamisho

Habari zenu wakuu.

Naomba kila anayepita hapa ataje kitabu cha Kiswahili alicho nacho mkononi na anachokifurahia. Ila usiishie kwenye "ni kizuri sana, kitafute". Sema lugha yake ni nyepesi au nzito, kina wahusika wengi au wachache, na kinamfaa msomaji wa aina gani.

Kingine ni ushauri. Kuna vitabu vitatu nimeshindwa kuvimaliza: *Nyota ya Rehema* (Mohamed Suleiman Mohamed), *Nagona* (Kezilahabi) na diwani ya *Sauti ya Dhiki* (Abdilatif Abdalla). Mwanzo naenda vizuri, halafu kasi inakufa. Je, tatizo ni mpangilio wa kusoma au nimeanzia mahali pabaya? Na kusoma vitabu viwili kwa mpigo kunasaidia au kunaharibu?

Natanguliza shukrani.

---

Kurasa_Kavu

Mkuu, hivyo vitatu umevitia kapu moja lakini kila kimoja kinakwamisha kwa sababu yake. *Nyota ya Rehema* (1976) hadithi yake inafuatika kabisa, kinachokubana ni msamiati wa Kiunguja na maelezo marefu ya mandhari na hali za watu. *Nagona* (1990) maneno unayajua yote, ila hakuna mtiririko wa matukio wa kushika. *Sauti ya Dhiki* (1973) ina lahaja ya Kimvita juu ya mizani na vina. Ukitumia dawa moja kwa vyote vitatu utabaki hapo hapo.

Mimi nijibu hilo la *Nyota ya Rehema*. Kiweke pembeni kwanza, usome *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999), ndicho kilichoko mkononi mwangu sasa hivi. Mandhari ni ya visiwa hivyo hivyo na msamiati unakaribiana, ila sehemu kubwa inabebwa na mazungumzo, na neno usilolijua ndani ya mazungumzo huwa linajieleza kwa jibu linalofuata. Ukimaliza, pita *Kuli* (1979) ya mwandishi huyo huyo, inayohusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa 1948. Ukirudi kwa Rehema utashangaa maneno uliyokuwa unayakimbilia kamusi yamekuwa ya kawaida.

Kuhusu kamusi: usisimame kwa kila neno. Weka nukta ndogo ya penseli pembezoni, endelea mpaka mwisho wa sura, ndipo uyatafute yote kwa pamoja. Karibu nusu utakuta umeshayaelewa kutokana na muktadha. Ila ukiona ukurasa mmoja una maneno zaidi ya matano yanayokuzuia kujua nani kafanya nini, hapo kitabu bado hakijakufikia. Kisubirishe.

---

Bint_Diwani

Nakubaliana na Kurasa_Kavu, naongeza la wahusika. Kata karatasi ya ukubwa wa alamisho na iwe ndiyo alamisho yenyewe. Kila jina jipya liandike na mambo mawili tu: uhusiano wake na mtu unayemjua tayari, na ukurasa alioingilia. Kwa *Vuta N'kuvute* mwanzo unakuwa hivi:

Yasmin: binti wa Kihindi, kaozwa mapema
Raza: mumewe, mfanyabiashara, umri umekwenda
Mwajuma: rafiki, Ng'ambo, Yasmin kakimbilia kwake
Denge: kaingia kupitia kwa Mwajuma, siasa

Basi. Usiandike tabia wala maoni yako, karatasi itajaa kabla ya sura ya tatu. Watu wengi wanaosema "riwaya imenichanganya" wamepotezwa na majina mawili tu yaliyotajwa mara moja mwanzoni yakarudi baada ya kurasa hamsini.

Na tafadhali, DIBAJI NA UTANGULIZI VISOMWE MWISHO. Matoleo mengi yanayotumika mashuleni yana utangulizi wa mhakiki unaokumwagia kisa chote hadi nani anakufa. Ukianza nao, unasoma riwaya huku unasubiri jambo unalolijua.

---

Mkia_wa_Mshale

Kwa sasa niko na *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), narudia. Namshauri mtoa mada aisome kwa sababu moja ya kiufundi: imejigawa yenyewe. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme, mwendesha mashtaka ni waziri Majivuno, na utetezi wa Karama ni visa vya wajumbe sita waliotumwa kila mmoja upande wake: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Mjumbe mmoja kwa mkao mmoja. Hata ukiacha siku tatu katikati hupotezi kitu, maana kila safari inaanza upya na mwisho wake unarudi barazani.

Kinachowachosha watu humo ni kutafuta mhusika mwenye hulka ya mtu wa kawaida. Hamna. Majina yenyewe ni sifa, na hotuba ndizo matukio. Ukiisoma kama riwaya ya Adam Shafi utaiona imesimama. Isome kama kesi: hoja gani imetolewa, imejibiwa vipi, nani kanyamaza. Sentensi zake zina pande mbili zinazopimana, kwa hiyo zisome kwa sauti, hata ya chini.

---

Gamba_Gumu

Nikujibu la *Nagona*, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema Kezilahabi hasomeki.

Kosa ni kuanza naye kutokea mwisho. Mwandishi huyu alianza na riwaya za uhalisia zenye kisa cha moja kwa moja, akaja kuvunja umbo baadaye. Anza na *Rosa Mistika* (1971): familia moja, baba mkali, binti anayekwenda shule, matokeo yanafuatana. Halafu *Kichwamaji* (1974). Hapo msimulizi ni Kazimoto mwenyewe, kwa hiyo una kichwa kimoja tu cha kufuata, lakini maswali ya maana ya maisha yameshaanza kula kisa. Mtu aliyepita humo anafika kwenye *Nagona* akiwa anajua mwandishi anasumbuliwa na nini.

Kabla ya kuingia, kama unataka daraja, soma *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001). Mfu anarudi, uhalisia na ndoto vinachanganyika, lakini bado unajua uko wapi na nani anatawala.

Sasa *Nagona* yenyewe. Ni kitabu kifupi, hakifiki kurasa 100, na ufupi huo ndio unaowadanganya watu wakakisoma kidogo kidogo. Usifanye hivyo. Kisome mkao mmoja, au miwili ikizidi, bila kalamu na bila kujiuliza "hapa maana yake nini". Msimulizi "mimi" anapita sehemu zisizo na mwaka wala mtaa unaoutambua, na ukisimama kutafuta ramani umeshatoka nje ya kitabu. Mara ya pili ndipo uchukue penseli. Usifuate matukio, fuata vitu vinavyorudi: mwanga, ukimya, wazimu, ngoma. Kila kinapotokea andika namba ya ukurasa. Ukimaliza tazama orodha yako, utaona vinakaribiana wapi na vinaachana wapi. Huko ndiko kitabu kilikojengewa. Ukitaka kuendelea ni *Mzingile* (1991), isome mara tu baada ya hiyo wakati picha bado zipo kichwani.

Mtu asiyeipenda baada ya hapo, basi haipendi, na hana deni la mtu.

---

Alamisho

Asanteni sana wakuu, hii ya Kezilahabi kusomwa kwa mpangilio sikuwahi kuifikiria. Bado la mashairi, na lile la vitabu viwili kwa mpigo.

---

Kina_cha_Kati

La mashairi niachieni.

*Sauti ya Dhiki* iliandikwa gerezani kati ya 1969 na 1972, na mshairi ni mtu wa Mombasa aliyeandika kwa Kimvita. Hatua ya kwanza ni lahaja. Andika ubavuni mwa ukurasa wa kwanza mabadiliko machache: palipo na *t* mara nyingi sanifu ina *ch*, ndiyo maana *mato* ni macho, *kuteka* ni kucheka, *kuwata* ni kuacha. Shairi la "Siwati" lilikushinda kuanzia kichwa cha habari, na kumbe ni "siachi" tu. Palipo na *nd* jaribu *nj*: *ndia* ni njia. Ukiwa na hayo, sehemu kubwa ya ugumu imeisha. Lakini usiugeuze kila *t* kuwa *ch*, angalia kama neno lina maana kwanza.

Hatua ya pili ni mizani. Mshororo wa kawaida wa shairi una mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), na kina huwa mwisho wa kila kipande. Hesabu silabi: *mnazi* ni tatu (m-na-zi), *mbuzi* ni mbili (mbu-zi), *n'kuvute* ni nne (n'-ku-vu-te). Hesabu inakusaidia msomaji kwa hili: mshairi akifinya neno au akigeuza mpangilio wa sentensi, huwa kafanya hivyo ili mizani na kina vitimie. Ukikwama kwenye mshororo, uandike upya kwa maneno yale yale katika mpangilio wa kuongea. Kiima mbele, kitenzi, mengine yafuate. Maana inatoka.

Hatua ya tatu, usianze ukurasa wa kwanza. Diwani si riwaya. Anza na "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambalo ni majibizano ya watu wawili wanaogombea mnazi, kwa hiyo una sauti mbili za kufuata na hoja inayojibiwa (usilichanganye na riwaya ya Adam Shafi iliyotajwa juu). Kisha "Mamba", fupi na la mafumbo. Ukiona yameingia, nenda unakotaka. Shairi mbili au tatu kwa mkao zinatosha, zaidi ya hapo vina vinaanza kubembeleza sikio na akili inalala.

Kilichopo mkononi mwangu: *Kichomi* (1974), mashairi ya Kezilahabi yasiyofuata vina. Kinyume kabisa cha hayo, na kinafaa kusomwa sambamba.

---

Msomi_wa_Daladala

Vitabu viwili kwa mpigo: ndiyo, kwa masharti. Visiwe vya aina moja. Riwaya mbili za Unguja kwa wakati mmoja zitakuchanganyia Fuad wa huku na Fuad wa kule, na sitanii: *Kasri ya Mwinyi Fuad* ina Fuad, na *Nyota ya Rehema* pia ina Fuad. Weka riwaya moja na diwani moja, au kizito kimoja na kimoja cha upelelezi. Kizito kipe saa ambayo kichwa kiko wazi, chepesi kipe foleni na safari.

Kingine, usifunge kitabu mwisho wa sura. Mwisho wa sura ni mahali pa kupumzika na kesho hutakuwa na hamu ya kuanza mlima mpya. Funga katikati ya tukio, mtu akiwa mlangoni.

Mkononi: *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, cha mpelelezi Bwana Msa. Mepesi mepesi.

---

Gamba_Gumu

@Msomi_wa_Daladala hapo kwenye "mepesi" napinga kidogo. Bwana Msa anatatua kesi kwa kufikiri huku akivuta kiko, si kwa bastola. Ushahidi umetawanywa ndani ya mazungumzo ya porojo, na ukiruka porojo mwisho utaonekana umetoka hewani. Kisomwe kwa utulivu. Anayetaka mbio za kweli amtafute Joram Kiango wa Ben Mtobwa au Willy Gamba wa Elvis Musiba. Hao hata ukiruka kurasa mbili unawakuta bado wanakimbizana.

---

Msomi_wa_Daladala

Hahaha sawa mkuu, nimeelewa. Lakini foleni ikiwa ndefu hata porojo inasomeka.

---

Bint_Diwani

Nimalizie na jambo ambalo halijatajwa: nakala yenyewe. Wakati mwingine mtu anasema kitabu hakieleweki kumbe nakala ni mbovu. Kabla ya kuanza, pitisha kidole kwenye namba za kurasa zote. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kosa la kiwandani huruka fungu zima au kulirudia: unatoka 96 unaingia 113. Nakala za fotokopi hupoteza ukurasa mmoja mmoja, na mstari wa mwisho hukatwa chini. Kwenye ushairi huo mstari ndio kituo.

Kwa wanaosoma kwenye simu: PDF ya kuskani haijipangi upya kulingana na kioo, utakuwa unasukuma kushoto na kulia kila mstari hadi uchoke na kumlaumu mwandishi. Igeuze simu ilale na ukuze mpaka upana wa maandishi ujae kioo. Kama kuna EPUB (faili ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo), chukua hiyo, ila kama imetokana na kuskani tegemea makosa: "m" kusomeka "rn", na king'ong'o kupotea hadi *ng'oa* ikawa *ngoa*. Kwenye *Sauti ya Dhiki* usitumie nakala ya namna hiyo kabisa, hutajua lipi ni Kimvita na lipi ni kosa la mashine.

Na mnaotaja vitabu humu, tajeni sura badala ya ukurasa. Matoleo hayalingani kurasa.

---

Alamisho

Nimepata mpangilio: *Vuta N'kuvute* kama riwaya, *Sauti ya Dhiki* pembeni nikianza na "Mnazi". *Rosa Mistika* baadaye. Uzi uko wazi, wengine endeleeni kutaja mlivyo navyo mkononi, lugha na ugumu wake msisahau.