Lunchi ya shule, boksi linarudi limejaa

Wapendwa habari za jioni,

Naombeni ushauri manake nimechoka. Tumehamia Barking mwezi wa nane, mkubwa yuko Year 7 (mwaka wa kwanza sekondari), mdogo Year 3 (bado primari). Mdogo hana shida, hapa London watoto wote wa primari wa shule za serikali wanakula bure tangu Septemba 2023. Huyu mkubwa ndo mtihani. Namfungia chapati maharage, boksi linarudi kama lilivyoenda, kumbe kuna mwenzake alimuuliza "nini hicho kinanuka" akaona aibu, basi anashinda njaa mpaka saa tisa halafu anaingia duka la kuku na chipsi kona ya shule na ile pauni tatu niliyompa ya dharura, jioni nikisonga ugali ananiambia ameshiba. Juzi nikamwekea kashata za karanga nikijua hizo hakatai, nikapigiwa simu na ofisi ya shule utadhani nimemtuma na bomu!! Kuna mtoto ana aleji. Mi ningejuaje?
Mama wawili

---

Pole dada, ya karanga ilinikuta na mimi, yangu ilikuwa mchicha wa karanga. Na ufuta uliza kwanza. Kuhusu aibu usimlazimishe, wa kwangu alikubali chapati siku nilipoikunja na yai na kabichi ndani nikaiita rap, chakula kile kile jina tu. Pilau tia kwenye thamos ndogo ya mdomo mpana, ila ijaze maji yanayochemka kwanza dakika tano, umwage, ndo upakue, la sivyo mchana itakuwa baridi. Samaki mwachie wikendi jamani, hapo hata mimi naungana na huyo mwenzake 😂

---

Shikamooni wakubwa. Mama wawili, kabla ya boksi, umeomba chakula cha bure cha sekondari? Sio kwa kila mtu, wanaangalia kipato, lakini wengi wetu tukiona viza imeandikwa huna haki ya misaada ya serikali tunadhani na hiki hatukipati, kumbe familia hizo nazo zinaruhusiwa kuomba, mi nimelipa miaka miwili bure tu. Uliza ofisi ya shule au kaunsili. Shule nyingi pesa inakaa kwenye akaunti ya mtoto, kantini anaweka kidole tu, wenzake hawajui nani analipiwa. Na mzazi unaweza kuona alichonunua, ndo nikagundua binti yangu wiki nzima ni kuki na juisi. NHS (huduma ya afya ya serikali hapa) wanasema kuanzia miaka 11 sukari ya kuongezwa isizidi gramu 30 kwa siku, kopo moja la kola tu ni 35.

---

Marahaba, asanteni sana. Fomu nachukua kesho. Rap nimejaribu leo, imerudi nusu, kabichi kaitoa yote kaifunga kwenye tishu. Hizo thamos mnanunua wapi za bei poa?
Mama wawili