Wenye jina la Juma huku magharibi, tupeane uzoefu: kwenu lilifikaje?

Elureko:
Wadau, habari za saa hizi. Wiki jana nilikua stage hapa Nakuru nangojea mzigo kutoka Kisumu, makanga akashuka nao akaita "mzigo wa Juma!" tukasimama watu wanne. Wanne! Ikabidi tuulizane wewe ni Juma wa wapi, kumbe mmoja ni Mnubi wa Kibos, mwingine Mjaluo wa Kendu Bay, mwingine Mnyala wa Budalang'i na mimi Muwanga wa Mumias. Wawili Waislamu, wawili Wakristo.

Tangu siku hio haijanitoka kichwani. Nina miaka 38, kila nikienda matanga ama harusi kuna mtu lazima aulize kama nyama nitakula ama hadi nijue imechinjwa na nani, na nikisema mi ni wa kanisa anashangaa hio Juma nimeitoa wapi, na ukweli sina jibu, sijawai kumketisha mzee yeyote nimuulize. Otieno anajua alizaliwa usiku. Wafula ilikua mvua, Simiyu kiangazi. Sisi je? Neno lenyewe ni la Kiarabu, linatokana na kukusanyika, ndio siku ya Ijumaa watu wanakusanyika kuswali, na pwani mtoto wa Ijumaa aliitwa Juma na wa Alhamisi Khamis. Lakini pwani hadi Mumias si karibu. Leteni hadithi zenu, hata kama ni fupi.

Mjukuu_wa_Kibos:
Sisi ni Wanubi. Babu ya baba yangu alikuja na jeshi la Mwingereza, asili yake Sudani, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni). Alikua na jina moja tu, Juma, alizaliwa Ijumaa basi, na hilo jina moja la mtu mmoja ndio likawa la ukoo mzima. Sasa sikia. Nimefika miaka 18 naenda kuchukua kitambulisho, ofisini naambiwa nilete karatasi za babu. Babu alizaliwa kambini, nani angemwandikia? Nilisoma na Juma wengine wawili, Waluhya, wao walijaza fomu wakarudi nyumbani. Mimi nikawekwa mbele ya kamati ya wazee nijieleze mimi ni nani, nikaambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa tena nirudi. Tulikua darasa moja, jina moja, hata dawati moja. Miaka imepita na bado inaniuma.

Bondeni_Nax:
Pole sana ndugu. Mi nimeolewa kwa kina Juma hapa Bondeni, watoto watatu na hakuna hata mmoja amezaliwa Ijumaa. Nafuatilia.

Mnyala_wa_Port:
Kwetu Budalang'i jina halifuati siku, linafuata marehemu. Mi nilizaliwa Jumapili. Mama anasema nililia siku tatu nikakataa titi, wakaanza kutaja watu wa ukoo waliotangulia, huyu hapana, huyu hapana, kufika kwa Juma, ndugu ya kuka (babu) aliyezama ziwani akivua, nikanyamaza papo hapo nikanyonya. Huyo aliyezama naye alipewa na nani hata baba hajui.

Lakini hili jina nalibeba kifua mbele juu marehemu profesa Calestous Juma alikua wa huku kwetu, mtoto wa 1953, akaanzisha kituo cha utafiti wa teknolojia Nairobi 1988 halafu akaenda kufundisha Harvard. Alipofariki Desemba 2017 baba alikaa nje na redio hadi giza likaingia, haongei na mtu, na hawakuwa wamewahi kukutana.

Nyar_Kendu:
Sisi ni Wajaluo Waislamu, Kendu Bay, kwa hivyo nyumbani hakuna aliyewai kuniuliza. Ilikua Qatar ndio nikaulizwa, nilikua nafanya usafi hoteli moja miaka mitatu. Msimamizi wetu Mmisri alikua anaitwa Gomaa, siku moja akaona jina langu kwa karatasi ya mshahara akasema sisi wawili jina ni moja. Nikadhani ananitania, kumbe Wamisri wengi pale sisi tunasema J wao wanatamka G, hata mufti wao mkuu wa zamani anaitwa Ali Gomaa ni Juma huyo.

Basi ikawa maongezi ya jikoni. Mhausa wa Nigeria akasema kwao wa kiume ni Danjuma, mwana wa Ijumaa, na msichana Jummai, na kuna jenerali wao mkubwa Theophilus Danjuma ambaye ni Mkristo, kwa hivyo Elureko hauko peke yako. Mturuki akaandika Cuma lakini akatamka vile vile Juma. Dada wa Ghana tuliyekua chumba kimoja akasema wao hawana Juma lakini mwanaume wa Ijumaa ni Kofi, kama Kofi Annan. Nilikua nimeacha watoto wangu kwa dani (nyanya yao), sina mtu huko, na ile siku nilijiskia niko na ndugu. Huyo dada wa Ghana tunaongea hadi leo.

Elureko:
Nimesoma zote, zingine mara mbili. Wa Kibos, pole sana, sikujua jina letu lina huo mlango.

Jana nilimpigia kukhu (nyanya yangu), ako na miaka tisini na kitu lakini akili iko sawa. Anasema alipoolewa alisimuliwa na mkwewe mwenyewe. Enzi zile misafara ya Waswahili ilikua inalala Mumias kwa Nabongo, mfalme wetu Wawanga, wanangoja chakula na wapagazi. Mmoja akashikwa na homa wenzake wakamwacha, akalala kwa boma yetu, na mama wa nyumba akiwa na mimba kubwa akampikia uji hadi akasimama. Mtoto akazaliwa mgeni akiwa bado yupo, wakamwita Juma kama yeye. Hakuna aliyesilimu, na Ijumaa haikuhusika kabisa.

Kukhu anasema mgeni alitoka upande wa Pangani, aliahidi atarudi na hakurudi. Kama kuna mtu wa Pangani ama Tanga humu ambaye kwao wanasimulia mzee aliyeugua njiani akalelewa na Wawanga, naomba aniandikie. Bakuli lake la shaba tuko nalo.