Wikiendi moja, watu wanne, euro 120 kila mtu: Praha, Hamburg au Berlin?

Kigoda_wa_Lindi
Habari zenu wadau. Niko Leipzig, mwaka wa kwanza wa uzamili. Tuko wanne: mimi wa Lindi, dada mmoja wa Machame, mshikaji wa Mombasa, na Mkolombia tunayekaa naye bweni moja ambaye Kiswahili chake kinaishia "polepole". Mitihani inaisha Ijumaa, mwezi huu wa Julai. Tunataka kuondoka Jumamosi alfajiri na kurudi Jumapili usiku.

Mfuko ni euro 120 kila mtu, humo humo kulala, kula na nauli. Wote tuna Deutschlandticket, kwa hiyo treni za mkoa na usafiri wa mjini hatulipi tena. Treni za mwendo kasi ndizo haituruhusu.

Tumepiga kura, haikutoa mshindi. Mkolombia anataka Praha, Mombasa anataka Hamburg, mimi Berlin, na dada anasema "popote" kwa sauti ya mtu ambaye hataki popote. Mliokwisha kwenda, nisaidieni. Orodha za vivutio ninazo tele. Nachotaka kujua ni wapi siku mbili zinatosha na hela haiishi Jumamosi mchana.

Bi_Karanga
Praha, wala msijiulize. Tulikwenda wanne kama nyinyi, basi kutoka Leipzig ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne, na tukikata mapema nauli haiumi. Mji mkongwe wote ni wa miguu. Daraja la Karlo lilianza kujengwa 1357. Mfike pale saa kumi na mbili asubuhi mtakuwa nyinyi na wapiga picha za harusi. Saa tano ni Kariakoo ya kuamkia Idi.

Mambo ya kuangalia: wao hawatumii euro, wanatumia korona. Vibanda vya kuchenji vya mitaa ya watalii vitawanyoa bila maji. Ikiwatokea, sheria yao ya tangu 2019 inakuruhusu kurudi ndani ya saa tatu na risiti yako udai hela yako, ilimradi haizidi euro 1,000. Mimi nilirudi. Yule kaka dirishani alinuna, lakini alirudisha. Na tiketi ya karatasi ya tramu lazima uigonge kwenye mashine ya njano, usipoigonga ni sawa na huna.

Halafu ile keki ya kuzungushwa kwenye moto wanayosema ni ya jadi ya Wacheki, sio. Ni ya watalii. Nilikula tatu kabla ya kuambiwa.

Reli_ya_Kati
Naunga mkono Praha, ila mpande treni, mbadilishe Dresden. Kaeni upande wa kushoto. Mto Elbe unakwenda nanyi mpaka ndani ya Ucheki, na yale majabali ya mchanga ukikaa kulia utayasikia kwa wenzako tu.

Shamba_la_Mkonge
Naishi Hamburg, kwetu Tanga, kwa hiyo mjue tangu sasa kuwa nina upande.

Mtu wa pwani akikaa bara muda mrefu anapungukiwa kitu asichokijua jina. Hamburg utakipata. Mnashuka gati la Landungsbrücken, mnapanda feri namba 62 kwa hiyo hiyo Deutschlandticket yenu, mnakaa juu kwenye upepo, meli za makontena zinapita karibu mpaka unaona kutu. Watalii wa pembeni wamelipia mashua kuona kitu kile kile. Kisha kuna njia ya chini ya mto, ya mwaka 1911, mita 426, unavuka kwa miguu bure. Jumapili soko la samaki linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu na nusu. Wauza ndizi wanapiga kelele kama wapiga debe wa stendi. Na Hamburg ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, msije mkasema hamkualikwa.

Ubaya mmoja: kwa treni za mkoa kutoka Leipzig ni kama saa sita na kubadilisha mara kadhaa. Treni ya kwanza ikichelewa, zote zinakukimbia.

Bi_Karanga
Saa sita kwenda, saa sita kurudi, kwa wikiendi ya siku mbili? Kaka, hiyo ni safari ya kwenda msibani.

Shamba_la_Mkonge
Nimekubali dada yangu. Waje siku tatu.

Kigoda_wa_Lindi
Asanteni. Kuna jambo sikulisema. Kadi ya ukaazi ya mmoja wetu imeisha, mpya haijatoka, ana karatasi ya muda tu. Praha inawezekana?

Reli_ya_Kati
Ungeanza na hilo, mkuu, tusingepoteza mate. Wajerumani wamerudisha ukaguzi kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Mimi basi letu lilisimamishwa usiku wa manane, polisi wakapita kiti kwa kiti. Karatasi za muda ziko za aina mbalimbali na hazina nguvu sawa. Aulize ofisi ya wageni, apate jibu la maandishi. Bila hilo, wote mbaki ndani ya Ujerumani. Wikiendi haina thamani ya mtu kuachwa mpakani.

Mkufu_wa_Machame
Mimi ndiye huyo dada, na nasoma hapa kila siku, kwa hiyo mnisemee vizuri. Nilisema "popote" kwa sababu sikutaka watu watatu wakose Praha kwa ajili ya karatasi yangu. Nendeni, mimi nitalala.

Kigoda_wa_Lindi
Haulali. Praha imefutwa.

Nyota_ya_Pangani
Basi Berlin, na kwa mtu wa Lindi sijui hata mnabishana nini. Yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, huko kwenu Lindi, yuko kwenye makumbusho yao ya elimu viumbe, amesimama mita 13.27. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ile ilichimbwa na watu wa kwenu, ikabebwa vichwani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kamwangalieni mjusi wenu. Kitambulisho cha mwanafunzi kinapunguza kiingilio, na Jumatatu wanafunga, kwa hiyo wikiendi mko salama.

Mimi Berlin kilichonishika ni vibao vya mitaa. Neukölln kulikuwa na mtaa wa Wissmann, kamanda wa Kijerumani, yule yule aliyemwinda Abushiri mpaka akanyongwa kwetu Pangani, Desemba 1889. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wa kwetu Tanzania. Kule Wedding, kitongoji kingine cha Berlin, sehemu ya mtaa wa Petersallee imekuwa Maji-Maji-Allee tangu Agosti 2024. Nilisimama chini ya kile kibao nikiwa na mkate wa döner mkononi, kuna mama wa Kijerumani akaniuliza kama nimepotea.

Mpiga_Mbizi
Yaani mtu atoke Lindi, apande ndege mpaka Ulaya, aende kuangalia mifupa ya Lindi. Haya.

Nyota_ya_Pangani
Ungeiona wapi kwingine, mkuu?

Bi_Karanga
Kama ni Berlin, mambo ya jikoni. Jumapili maduka yamefungwa, ila ya ndani ya stesheni kuu yanafunguliwa na foleni yake si mchezo. Nunueni Jumamosi. Chupa za plastiki msitupe, nyingi ukizirudisha kwenye mashine ya dukani unapata senti 25 kwa kila moja. Kuba la bunge ni bure lakini lazima mjiandikishe mapema kwa majina na tarehe za kuzaliwa.

Na hela: wekeni kibubu. Kila mtu atoe 40 mwanzoni, mmoja ashike, chakula na maji vitoke humo. Bia kila mtu mfukoni kwake. Sisi hatukufanya hivyo, na kuna rafiki mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu.

Mkufu_wa_Machame
Kibubu nashika mimi. Na nimeangalia njia: treni ya mkoa inabadilishwa Wittenberg. Mimi Mlutheri wa KKKT, babu yangu kabatizwa na wamisionari waliotoka hapa hapa Leipzig, nipite mji wa Luther nimelala? Tunashuka.

Kigoda_wa_Lindi
Mrejesho, maana mlinivumilia.

Tulishuka Wittenberg. Mlango wa kanisa sio ule wa 1517 unaosemekana Luther alibandika hoja zake, ni wa shaba, umewekwa 1858, lakini dada alisimama pale mpaka treni iliyofuata ikatuacha na ya baada yake ikatuacha. Berlin tukafika mchana mkubwa. Kuba la bunge hatukuliona, kosa langu, sikujiandikisha. Maji-Maji-Allee tulifika, ila mvua ilituharakisha. Kitanda cha hosteli euro 31 kila mtu, chumba cha watu wanane, mmoja akikoroma kama jenereta. Jumla nimetumia 97.

Makumbusho yalikula asubuhi nzima ya Jumapili. Nilimpigia mama kwa video nikiwa miguuni pa mjusi, nikamwambia huyu katoka kwetu. Akaangalia. Akauliza, "Na wewe umelipa kiingilio?" Nikasema ndiyo, mama. Akanyamaza kidogo. "Haya, muulize huko wanamlisha nini."

Shamba_la_Mkonge
Na Mombasa je, feri yake?

Kigoda_wa_Lindi
Hajatusamehe. Tumemwahidi Oktoba, siku tatu. Chumbani kwake kuna magunia mawili ya chupa tupu, anasema ni nauli.